Ziwa dogo la Lewis, Mlima Kenya: maji yake ni ya nani?

Swali ninaloulizwa sana, na wanafunzi wangu wa jiografia na hata na wakulima wa kule Naro Moru, ni hili: barafu ya Mlima Kenya ikiisha si mito yote itakauka? Mimi hujibu hapana na watu hawapendi kabisa hilo jibu, kwa hiyo leo wacha nieleze kupitia ziwa moja dogo tu, la Lewis.

Kwanza ujue liko wapi. Mlima Kenya ni volkano iliyozimika kama miaka milioni 2.6 iliyopita, na vile vilele vikali vya katikati sio ukingo wa kreta, yaani shimo la mdomo wa volkano, kama ulivyo Kibo kule Kilimanjaro, ni miamba iliyoganda ndani kabisa ya bomba la volkano, halafu huku nje barafu na mvua zikala kilicho laini mpaka kiini kigumu kikabaki kimesimama chenyewe. Batian ni mita 5,199, Nelion 5,188, na Lenana 4,985 ndo wengi wetu tunaishia manake hakuhitaji kamba. Majina hayo aliyaweka Mackinder, yule Mwingereza aliyefika Batian mwaka 1899 na wenzake Ollier na Brocherel, akayachukua kwa malaiboni, yaani viongozi wa kiroho wa Kimaasai. Wakikuyu walishauita mlima Kirinyaga zamani, ila nani aliwauliza.

Sasa kati ya Nelion na Lenana ndipo ilipo barafuto ya Lewis, yaani barafu nene inayoteremka polepole kwa uzito wake yenyewe. Chini yake, juu ya mita 4,500 hivi, karibu na kilele cha Point John, ndo kuna hilo ziwa. Barafu ilichimba mwamba ikaacha shimo, na mawe iliyoyasukuma ikayarundika mbele yakawa ukingo, hayo mawe tunayaita moreni, maji yakajaa nyuma yake basi. Rangi yake ni kijani kilichofifia kama kimetiwa maziwa, na hiyo sio uchafu wala mwani, ni unga wa mwamba uliosagwa na barafu, laini kiasi kwamba hautui chini upesi unabaki unaelea na kuutawanya mwanga.

Barafu yenyewe sasa. Wajerumani Troll na Wien waliipima wakaichora ramani mwaka 1934, na kutoka hapo mpaka 2010 ujazo wake ulikuwa umepungua kwa asilimia 90. Mwaka 2014 ikakatika vipande viwili, na jirani yake, barafuto ya Gregory, ilishaisha kabla ya hapo. Watu wanadhani ni joto tu. Joto lipo, tena sana miongo hii ya karibuni, lakini kilichoanzisha kupungua ni ukavu: kuanzia miaka ya 1880 hivi Afrika Mashariki ilipata mvua na mawingu machache kuliko mwanzo, hata Ziwa Victoria lilishuka wakati huohuo, na barafu ya ikweta ikikosa theluji mpya nyeupe ya kurudisha mwanga wa jua inaliwa hata kama baridi bado ipo.

Haya, turudi kwa mto. Hayo maji ya ziwa yanateremka bonde la Teleki yanaingia mto Naro Moru, ambao unaenda Ewaso Nyiro. Lakini mwaka 2010 barafuto ya Lewis ilikuwa na eneo la kama kilomita za mraba 0.1 tu, hebu niambie kipande hicho kitalisha vipi mto mzima na mashamba yake? Mvua kubwa ya mlima huu hainyeshi kileleni, inanyesha kwenye msitu, hasa upande wa kusini-mashariki pepo za Bahari ya Hindi zinapogonga, kule juu kabisa haifiki hata nusu yake. Msitu na zile nyanda za majani yenye matope juu ya msitu zinainyonya hiyo mvua na kuiachia kidogokidogo kwenye chemchemi mpaka wakati wa kiangazi. Kwa hiyo mto ukikauka mwezi wa pili huko chini, mimi ningeangalia kwanza msitu uliokatwa na mipaipu ya kumwagilia huko juu kabla sijailaumu barafu.

Na ushahidi uko hapohapo mlimani. Ziwa Michaelson kwenye bonde la Gorges, Teleki Tarn, Hut Tarn, Two Tarn (tarn ni ziwa dogo la mlimani), yote yalichimbwa na barafu ya enzi za zamani, na barafu iliyoyachimba ilishaondoka siku nyingi, lakini maji yapo, ni mvua na theluji za kila mwaka zinayajaza. Lewis nalo litaenda njia hiyohiyo. Halitakauka, ila hakutakuwa na kinachosaga mwamba tena, ule unga utatua chini, na kile kijani cha kwenye picha zenu kitaisha libaki na maji meusi maangavu kama hayo mengine.