Damu ya mbwa na kansere: soma hii mbele ya kuja ku labo

Malalamiko yamezidi ku labo yetu hapa Lubumbashi. Mtu analeta mbwa, analipa, rezilta inatoka, kisha anarudi na hasira eti tumemdanganya juu veterineri wake amesema vingine.

Hakuna tubu ya damu inayosema peke yake "hii ni kansere", tumeshasema hiyo mara nyingi. CRP, protini ya damu inayoonyesha uchochezi mu mwili, inapanda na limfoma (kansere ya tezi na chembe nyeupe za damu), ndiyo, lakini inapanda vilevile na kidonda kilichooza, na nyumonia, na homa ya kupe, na kupe wetu mnawajua. Erlikia, ugonjwa unaoletwa na kupe, inavimbisha tezi za shingo karibu sawa na limfoma, kwa hiyo tunatafuta hiyo kwanza. Kalsiamu ikipanda tunapapasa tezi zote mpaka zile za mkunduni, juu kansere ya hapo na limfoma ndizo zinapenda kuipandisha. Timidini kinase, enzimu ya mu damu, inaonyesha seli zinagawanyika mbio, nukleosomu ni vipande vya DNA vinavyomwagika mu damu seli zikifa kwa wingi. Zote zinatupa shaka tu, jibu linatoka ku sindano ya tezi (kuvuta seli za tezi na sindano) ao biopsi (kukata kipande kidogo cha uvimbe).

Faida kubwa ni kufuatilia. Mbwa wa limfoma akianza kemo (dawa za kuua kansere) na dawa ikimkubali, namba ya vipimo hivi inashuka, ikianza kupanda tena tunaweza kushtuka mbele tezi hazijavimba. Sasa bila namba ya mwanzo tutalinganisha na nini? Tunawaomba sana, musimpe prednisoloni (dawa ya kortizoni) mbele hatujachukua damu na sindano ya tezi: tezi zinanywea siku chache, mnafurahi, kumbe kansere imejificha na imeanza kuzoea dawa.

Kwa kipimo cha nukleosomu mbwa akae masaa 4 angalau bila kula. Tubu ni ya kifuniko cha zambarau, igeuzwe polepole, isitikiswe, plazma itenganishwe mbele saa 1 haijapita. Fomu isiyo na saa ya kuchukua damu na dawa anazokunywa inarudishwa, damu iliyoganda inarudishwa, na feza hairudi, imeandikwa ku mlango.

Ule uvimbe unaotoka damu ku sehemu za siri za mbwa wanaozunguka komini za Katuba na Kenya, musiulipie kipimo chochote cha damu. Ni kansere inayoambukizwa kwa kupandana, tunagusisha kioo tu na kuangalia ku mikroskopi, na vinkristini, dawa ya kemo, mara moja kwa juma, mara nyingi majuma 4 mpaka 6, inauponyesha. Huyo mumulete asubuhi, amefungwa mdomo, na asikaribie jike mpaka dawa iishe.