Ping: amri inayoonyesha kama mtandao umetulia

Ping ni amri inayoandikwa kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri za kompyuta, ili kuiuliza kompyuta nyingine swali moja: upo? Iliyoulizwa ikisikia hujibu, na ping hupima muda uliopita tangu swali litoke hadi jibu lifike. Ukiuliza mara moja, utajua tu kwamba njia ipo. Ukiuliza mara mia ndipo utakapojua kama njia hiyo imetulia au inayumba.

Mike Muuss aliiandika Desemba 1983, akiwa kwenye maabara ya Jeshi la Marekani, alipokuwa akisaka chanzo cha hitilafu ya mtandao. Jina alilitoa kwenye mlio wa sona: manowari hutoa mlio majini, mlio ukigonga kitu mwangwi hurudi. Hata protokali ya ICMP, yaani kanuni za mawasiliano ambazo ping huzitumia, iliyowekwa mwaka 1981, huziita pakiti (vifurushi vidogo vya data) za swali na jibu hilo ombi la mwangwi na jibu la mwangwi.

Kwenye Linux, ping hutuma pakiti moja kila sekunde mpaka uisimamishe kwa Ctrl+C. Ukiandika ping -c 100 kisha anwani, itatuma mia na kuacha. Windows hutuma nne tu, labda uongeze -t. Nne ni chache mno. Pakiti moja ikipotea kwa bahati mbaya, unaambiwa umepoteza asilimia 25, na huna cha kulinganisha nacho.

Wengi hukimbilia wastani. Mimi nasema tazameni mtawanyiko kwanza, yaani jinsi muda wa majibu unavyotofautiana. Muunganisho mmoja ukijibu kwa milisekunde 80, 82, 79 na 81, na mwingine kwa 20, 25, 22 na 255, wastani wa yote miwili ni ule ule, 80.5. Lakini kwenye wa pili sauti ya simu ya intaneti itakatika-katika, ilhali kwenye wa kwanza mtazungumza vizuri. Linux huonyesha mtawanyiko huo mwishoni kwa jina la mdev. Windows hukupa kiwango cha chini na cha juu, nawe unaona pengo mwenyewe.

Namba kubwa peke yake si ugonjwa. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva iliyo umbali wa kilomita 5,000 haiwezi kujibu chini ya milisekunde 50. Satelaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya dunia huchukua karibu nusu sekunde kwenda na kurudi, na hakuna fundi wa kulirekebisha hilo.

Kutafuta tatizo lilipo, anza karibu. Piga ping kwenye ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Pakiti zikipotea hapo, shida ni Wi-Fi au waya, usimlaumu mtoa huduma. Ruta ikiwa safi, nenda nje, kwa mfano 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google. Namba ikijibu lakini jina la tovuti halipatikani, mkosaji ni DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa namba.

Ukimya nao usikutishe haraka. Seva nyingi zimewekewa ukuta wa moto (kinga inayochuja pakiti) unaozuia ICMP, na tovuti zake zinafunguka bila shida. Baadhi ya ruta za njiani pia huyajibu maombi haya pale tu zinapopata nafasi.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni hiki: acha ping ikiendelea, kisha anza kupakua faili kubwa. Muda ukiruka kutoka milisekunde 30 hadi 500, pakiti zako zimepanga foleni, mara nyingi ndani ya ruta yenyewe au modemu. Hapo kununua kasi zaidi huenda kusisaidie sana. Tafuta kwenye mipangilio ya ruta sehemu ya kudhibiti foleni, kisha pima tena.