Michael Collins yupi?

Mtu akiniandikia, "Nitafutie Michael Collins wa Cork, Ireland," namrudishia swali: yupi? Yule mpigania uhuru wa Ireland aliyeuawa kwa risasi Béal na Bláth tarehe 22 Agosti 1922? Au mbunge aliyechaguliwa Cork Kusini-Magharibi mwaka 2016? Kuna na mwanaanga wa mwaka 1969, aliyebaki chomboni akiuzunguka Mwezi wenzake wawili waliposhuka. Huyo ni Mmarekani aliyezaliwa Roma, ila babu yake alihamia Marekani akitokea Ireland. Mimi ni mtafiti wa nasaba, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutenganisha wajina.

Jina la ukoo lenyewe halitoshi. Collins wa Cork mara nyingi ni Ó Coileáin: Ó ni "mzao wa", na coileán ni mtoto wa mbwa. Waingereza nao wana Collins wao, aliyetokana na Nicholas. Kwa hiyo Collins wawili huenda hawana hata tone moja la damu ya pamoja. Halafu binti wa Ó Coileáin, kwa Kiayalandi, huandikwa Ní Choileáin. Asiyejua atadhani ni ukoo mwingine kabisa.

Ila kinachonikosesha usingizi ni majina ya kwanza. Kwa desturi ya zamani, mtoto wa kiume wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, wa tatu la baba yake. (Wasomaji Wakikuyu hapa wanatabasamu.) Mpigania uhuru alikuwa mtoto wa kiume wa tatu, na baba yake aliitwa Michael. Sasa chukua mzee Michael mwenye wana watano, kila mmoja akamkumbuka baba yake: unapata wajukuu watano, Michael Collins wote, parokia moja, marika yanayokaribiana. Kitabu cha ubatizo kinakutazama tu.

Wenyewe kijijini hawakuchanganyikiwa. Mmoja aliitwa rua, mwenye nywele nyekundu. Mwingine óg, yaani mdogo. Au walipanga majina matatu kama tunavyofanya sisi: Seán Mhicil Phádraig ni Seán wa Micheál wa Pádraig, sawasawa na Juma Ali Hassan. Hata makarani wa uthamini wa ardhi ya Ireland ulioongozwa na Richard Griffith, uliochapishwa kati ya 1847 na 1864, walilazimika kuongeza lakabu au jina la baba kwenye mabano. Mabano hayo nayapenda kuliko nyaraka nyingi rasmi. Nikishapata lakabu natafuta townland, yaani kitongoji. Ireland ina zaidi ya 60,000, na bila kitongoji mimi sianzi kazi.

Sensa zingesaidia sana, lakini za kabla ya 1922 zilizobaki nzima ni za 1901 na 1911 tu. Za 1861 hadi 1891 ziliharibiwa na serikali yenyewe. Za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliungua Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, majengo ya Four Courts jijini Dublin yakapigwa mizinga, hifadhi ya nyaraka iliyokuwamo ikalipuka. Mizinga ilikuwa ya Serikali ya Mpito, na mwenyekiti wake alikuwa Michael Collins.