Chakula kipo, mbona wanafunzi wanapiga pasi ndefu?

Kwenye sekondari za kutwa hapa Kigoma, kengele ya mchana ikilia makande yanakuwa tayari, na bado utawakuta vijana wa kidato cha tatu wamejikalia chini ya mwembe mikono mitupu. Watu wazima wana maelezo yao. Mengi hayana ukweli.

Dhana: Wamezoea chipsi, makande wanayaona ya kishamba.

Wapo wa hivyo. Lakini wengi wao wakirudi nyumbani jioni wanakula ugali na maharage bila kubembelezwa. Wanachokimbia shuleni ni mambo yanayoizunguka sahani. Foleni ni ndefu na mapumziko ni mafupi. Sahani na kijiko uje navyo mwenyewe. Ukivisahau, usubiri mwenzio amalize. Maji ya kuoshea ni ndoo moja ambayo wameshachovya watu hamsini.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna kijana atakayekwambia usoni: gesi. Ushibe makande, kisha ukae kipindi cha fizikia mmebanana watatu kwenye dawati moja! Katika umri ule, heri njaa kuliko kuchekwa. Maharage yana aina za sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzimeng'enya. Zikifika utumbo mpana, bakteria huzichachusha na gesi hutoka hapo. Kuyaloweka usiku kucha, kumwaga maji yale na kuyapika kwa maji mapya hupunguza tatizo. Kasulu na Buhigwe, yanakolimwa maharage, hilo si somo geni. Mpishi wa shule anayehangaika na kuni mbichi tangu alfajiri ndiye anayeruka hatua hiyo, na sioni ajabu.

Dhana: Elimu ni bure, kwa hiyo na chakula ni bure. Asiyekula kajitakia.

Ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikafuata ya kidato cha tano na sita. Chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimebaki juu ya mzazi, kwa fedha au kwa debe la mahindi na maharage. Ndiyo maana kuna orodha ya waliochanga. Mahali ambapo kiranja anasoma majina mbele ya sufuria, mtoto ambaye kwao hawajamaliza mchango huchomoka kwenye foleni kabla hajafikiwa, na rafiki yake aliyelipiwa humfuata ili asimwache peke yake. Ukihesabu wasiokula utawaona wawili, kumbe mmoja ana haki yake pale. Kwa maoni yangu usomaji huo ukome leo. Deni ni la mzazi na shule, mtoto anaumbuliwa kwa lipi?

Dhana: Wasichana wanajinyima wapate umbo.

Baadhi, ndiyo. Wengine wanapunguza kula na kunywa kwa sababu choo hakina maji wala mlango unaofungika, hasa siku za hedhi. Nao ndio wenye mahitaji makubwa zaidi: msichana wa miaka 14 hadi 18 anashauriwa kupata miligramu 15 za madini ya chuma kwa siku, mvulana 11. Maharage yanayo madini hayo. Chungwa au embe baada ya mlo husaidia mwili kuyafyonza, chai ya palepale huyazuia. (Mawese nayo yangewaongezea vitamini A, ila wanalalamika kwamba yanachafua shati jeupe, na hapo siwabishii.)

Dhana: Njaa watazoea. Mbona Ramadhani wanafunga?

Aliyefunga pale Ujiji amekula daku, na futari inamsubiri. Huwezi kumlinganisha na aliyetoka nyumbani alfajiri na chai ya rangi tupu. Ubongo hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika, kwa hiyo kabla tumbo halijalalamika sana, umakini umeshaanza kupungua.

Dhana: Si wanakula mihogo pale getini?

Wanakula. Mihogo ya kukaanga ni wanga na mafuta, protini yake ni kidogo mno. Ila mama muuza mihogo hana foleni, kachumbari yake ina pilipili ya kutosha, na asiye na hela leo anakopeshwa hadi kesho.