Filta Nyekundu Haitoboi Moshi

Kila kiangazi, mbuga zikianza kuungua kati ya Juni na Oktoba, swali ni lile lile: "Napiga picha za filamu nyeusi-nyeupe, moshi umefunika mlima, nifunge filta nyekundu kwenye lenzi?" Moto wa Kilimanjaro ulioanzia Whona tarehe 11 Oktoba 2020 ulileta swali hilo, na ule wa Oktoba 2022 karibu na Karanga ukalirudisha. Jibu ni hapana. Au tuseme mara nyingi hapana, na hiyo "mara nyingi" ndiyo inayohitaji maelezo.

Filta nyekundu hukata utusitusi wa buluu. Molekuli za hewa ni ndogo mno, na hutawanya buluu kuliko nyekundu. Ndiyo maana milima ya Usambara ukiitazama kwa mbali ni ya buluu. Filta namba 25, nyekundu ya kawaida, huizuia hiyo buluu, mlima ukajitokeza. Moshi si hewa. Chembe zake ni kubwa zaidi, na zikichanganyika na vumbi na unyevu hutawanya rangi zote karibu sawa. Hapo filta haina cha kuchuja. Imekula stopu tatu zako (kila stopu ni nusu ya mwanga) na pazia liko pale pale.

Kabla ya kufungua mkoba, tazama moshi ukiwa mbele ya kitu cheusi, kama ukingo wa msitu wenye kivuli. Ukiwa wa buluu, chembe bado ni ndogo. Filta ya chungwa au nyekundu itasaidia kidogo. Ukiwa mweupe au wa kijivu, iache. Usiupime mbele ya anga angavu, maana moshi ule ule wa buluu, jua likiwa nyuma yake, hugeuka kahawia, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Filta ya UV, ile ya kuzuia urujuanimno, msinitajie kabisa.

Dawa ya kweli ni mahali pa kusimama. Chembe za moshi husukuma mwanga mwingi kwenda mbele, kule kule ulikokuwa ukielekea. Ukilitazama jua, pazia linawaka. Ukilipa mgongo, linafifia. Tena punguza umbali: kilomita mbili za moshi si kumi.

Kupima mwanga ndiko kunakonisumbua hata mimi. Usipime kupitia filta nyekundu, kwa sababu vipima mwanga vingi huiona nyekundu kupita kiasi, na negativu hutoka nyembamba, yaani imekosa mwanga. Pima bila filta, kisha ongeza mwanga. Lakini stopu tatu za vitabuni ni za mwanga wa mchana wa kawaida. Moshi ukishaugeuza mwanga kuwa wa chungwa, buluu imekwisha kuondoka, na mbili huweza kutosha. Mbili au mbili na nusu? Sina kanuni, piga zote mbili. Filamu ya ortho, isiyoona nyekundu, hugeuka upande wa pili: Ilford Ortho Plus ni ISO 80 mchana na 40 chini ya taa za tungsteni, basi kwenye moshi wa chungwa ihesabu kama 40.

Moshi hupunguza kontrasti, kwa hiyo ongeza muda wa kusafisha filamu kwenye dawa kwa asilimia 20 hivi. Filamu ya HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 ya 1+1 (dawa na maji sawa kwa sawa), nyuzi 20, hutoka dakika 13 hadi 15 na nusu. Hilo hutenganisha toni zilizopo. Kilichozama ndani ya moshi hakirudi.

Kwa negativu ya rangi, ongeza stopu moja, maana tabaka la buluu lina njaa. Mwambie anayeskani azime urekebishaji wa rangi wa otomatiki. Tarehe 9 Septemba 2020 anga ya San Francisco iligeuka chungwa, na simu nyingi zikaipiga kijivu kwa sababu hiyo hiyo.

Vaa barakoa ya N95, si ya kitambaa. Lenzi yenye majivu usiifute kwanza: yana punje zinazokwaruza. Puliza kwa pampu ya mkono, kisha brashi laini. Filamu badilishia ndani ya gari, vioo vimefungwa.

Na vidoa visomeni vizuri. Jivu lililotua kwenye filamu kabla ya kupiga huzuia mwanga. Kwenye negativu ni tundu angavu, kwenye picha iliyochapwa ni doa jeusi. Lililonata filamu ikiwa bado mbichi, kwenye kamba, hutoa doa jeupe. Ukiona meusi, kasafishe ndani ya kamera. Ukiona meupe, hama pale unapoanikia.