Mlibertari ndani ya chama cha Republican: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kwa anayefuatilia siasa za Marekani kwa juu juu, mwanaharakati wa Republican mwenye mrengo wa kilibertari, yaani anayetaka serikali iingilie maisha ya watu kidogo iwezekanavyo, ni mtu wa majukwaani. Anapinga kodi, anatetea bunduki na bangi kwa pumzi moja, anataka wanajeshi warudi nyumbani na Benki Kuu ikaguliwe, kisha anashindwa uchaguzi. Kuhusu misimamo yake, picha hiyo haiko mbali na ukweli. Isiyofahamika ni kazi yake, maana sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kanuni, majedwali ya majina, tarehe za mwisho na vikao vinavyoburuzwa hadi usiku wa manane.

Dhana: Ni mwanachama wa chama cha Libertarian

Chama cha Libertarian kipo tangu mwaka 1971, kilizaliwa Colorado na kina wagombea wake. Mwanaharakati tunayemzungumzia ameamua kubaki Republican, au amerudi huko baada ya kuonja maisha ya nje. Roger MacBride alipita njia zote mbili. Mwaka 1972 alikuwa mjumbe wa Republican wa Virginia katika jopo linalomchagua rais, lakini akamnyima Nixon, mgombea wa chama chake, kura yake na kumpa John Hospers wa Libertarian. Kwa kura hiyo hiyo, mgombea mwenza wa Hospers, Tonie Nathan, akawa mwanamke wa kwanza kupata kura ya jopo. Mwaka 1976 MacBride mwenyewe aligombea urais kwa tiketi ya Libertarian. Katika miaka ya 1980 alirudi Republican, na baadaye akawa nguzo ya Republican Liberty Caucus, jumuiya iliyoundwa kuwaweka pamoja walibertari waliomo ndani ya chama.

Ron Paul wa Texas alifanya vivyo hivyo. Mwaka 1988 alipeperusha bendera ya Libertarian na kuambulia kura 430,000 hivi, chini ya nusu ya asilimia moja. Mwaka 1996 alirudi kugombea kama Republican, akapata kiti cha Bunge la Wawakilishi na kukikalia hadi Januari 2013. Tofauti hiyo inatokana na mfumo. Kiti huenda chote kwa aliyeongoza, na vyama viwili vikubwa huwa na nafasi yao kwenye karatasi ya kura tayari, ilhali chama kidogo katika majimbo mengi hulazimika kuitafuta upya kwa saini. Pesa na nguvu za kampeni huishia mlangoni.

Dhana: Wakubwa wa chama ndio huteua mgombea, na wakikuchoka wanakufukuza

Msomaji aliyezoea kadi ya chama, ada ya uanachama na kamati kuu inayokata majina itabidi ayaweke kando hayo. Marekani hakuna kadi unayoweza kunyang'anywa. Katika majimbo yanayoandikisha wapiga kura kwa chama, unaweka alama kwenye fomu ya kujiandikisha, basi. Texas haina hata hiyo: unahesabiwa Republican kwa kushiriki mchujo wa Republican, yaani kura ya kumchagua mgombea wa chama, mwaka huo.

Kugombea nako ni kujaza fomu na kulipa ada. Kwa kiti cha Bunge la Wawakilishi la taifa, Texas hutoza dola 3,125, na asiyetaka kulipa anaweza kuleta saini 500 badala yake. New Hampshire, ambako bunge la jimbo lina viti 400, ada ya kugombea ni dola 2. Wanaharakati wengi wa Free State Project, mradi wa kuwahamishia walibertari 20,000 katika jimbo moja, waliingia bunge hilo kwa tiketi ya Republican. Mshahara wake ni dola 100 kwa mwaka, kwa hiyo asiye na kazi nyingine au pensheni hakai sana.

Wakubwa hujaribu kuzuia, lakini hawana rungu la mwisho. Mwaka 1996 Newt Gingrich, Spika wa wakati huo, na George W. Bush, gavana wa Texas, walikuwa upande wa Greg Laughlin, mbunge aliyehama kutoka Democratic mwaka mmoja kabla. Ron Paul alimshinda katika duru ya pili ya mchujo.

Dhana: Saini ni saini, zikifika idadi umemaliza

Hapa ndipo wengi huanguka, wakiwemo wazoefu.

Saini huwa halali pale tu ambapo mtiaji ni mpiga kura aliyeandikishwa, anaishi ndani ya jimbo la uchaguzi husika, ameandika anwani inayolingana na daftari, ameweka tarehe, na hajatia saini mara mbili. Mkusanyaji naye lazima atie saini yake chini ya karatasi kuthibitisha kwamba aliwashuhudia. Akisahau tarehe yake, au akiiweka kabla ya tarehe ya mtiaji wa mwisho, ukurasa mzima unaweza kutupwa. Makosa ya kawaida ni ya kitoto: mtu amehama nyumba bila kubadilisha anwani, mke anamtilia mumewe saini, au mkusanyaji anasimama sokoni mpakani mwa majimbo mawili na nusu ya wapita njia ni wa upande wa pili.

Wanaojua kazi hii hufanya mambo matatu. Kwanza, hulenga angalau mara moja na nusu ya idadi inayotakiwa. Pili, hugonga milango wakiwa na orodha ya wapiga kura mkononi badala ya kusimama barabarani. Ni polepole, lakini saini mbovu hupungua sana. Tatu, hukagua kila karatasi jioni ileile dhidi ya daftari, wala hawangoji wiki ya mwisho. Malipo ya kila saini ni mtego, maana anayelipwa kwa idadi ana kila sababu ya kubuni majina.

Michigan imetoa mafunzo mawili makali. Mwaka 2012 mbunge Thaddeus McCotter alihitaji saini halali 1,000 tu. Watu wake wakawasilisha karibu 1,800, na zilizopita ukaguzi zilikuwa 244, kwa kuwa kurasa za zamani zilikuwa zimenakiliwa na kubandikwa upya. McCotter akatoka kwenye mbio. Aliyebaki peke yake kwenye karatasi ya mchujo wa Republican alikuwa Kerry Bentivolio, mwalimu na mfugaji wa kulungu wa kaskazini, mfuasi wa Ron Paul, ambaye hakuna mkubwa aliyekuwa na habari naye. Chama kikahaha kumtafuta mtu wa kuandikwa jina kwa mkono na wapiga kura. Bentivolio akamshinda, kisha akaingia bungeni. Miaka miwili baadaye alitolewa kwenye mchujo, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Lakini kiti alikipata kwa kuwa karatasi zake zilikuwa safi.

Funzo la pili ni la mwaka 2022. Wagombea ugavana watano wa Republican walikosa nafasi kwenye karatasi ya mchujo katika jimbo hilohilo. Kila mmoja alihitaji saini 15,000, na wakaguzi waligundua kwamba wakusanyaji 36 walikuwa wameleta angalau saini 68,000 zisizo halali katika fomu za wagombea mbalimbali.

Dhana: Anayeongoza kura za usiku wa kokasi ndiye anayebeba wajumbe

Kwa Republican wa Iowa mwaka 2012 haikuwa hivyo kabisa, na hakuna sura ya maisha ya wanaharakati hawa inayosimuliwa vibaya kama hii.

Kokasi ni kikao cha wakazi wa eneo moja la kupigia kura, kwenye ukumbi wa shule au kanisa. Usiku wa tarehe 3 Januari 2012 watu walisikiliza hotuba fupi za kila upande, wakaandika jina la mgombea urais kwenye kipande cha karatasi, zikahesabiwa. Vyombo vya habari vilitangaza kwanza kwamba Mitt Romney ameongoza kwa kura 8. Hesabu iliyothibitishwa ikampa Rick Santorum uongozi wa kura 34. Ron Paul alikuwa wa tatu, asilimia 21 hivi.

Kura ile haikumfunga mjumbe yeyote wa mkutano mkuu wa kitaifa, ambao ndio humteua mgombea urais wa chama. Baada ya kuhesabu, wengi walivaa makoti wakaondoka, kwa kuwa kesho ni kazi na nje ni baridi. Waliobaki ndio waliochagua wajumbe wa mkutano wa kaunti. Mkutano wa kaunti, mwezi Machi, huchagua wa mkutano wa jimbo, na huko, mwezi Juni, ndiko hupatikana wajumbe wa kitaifa. Watu wa Ron Paul walikuwa wameelekezwa mapema: usiondoke, jitokeze kugombea ujumbe, lipa ada ya mkutano, beba kitambulisho, chukua orodha moja ya majina ya kupigia kura ili kura zisigawanyike, na uwe na mwenzako anayejua kanuni za vikao vizuri kiasi cha kudai hesabu ya vichwa mwenyekiti akiamua kwa kusikiliza sauti. Huhitaji watu wengi kwa hilo. Unahitaji watu wasiochoka, na ikibidi, simu ishirini kwa kila mjumbe ili asikose mkutano wa ngazi inayofuata.

Matokeo yalionekana Agosti, kwenye mkutano mkuu wa Tampa: kati ya wajumbe 28 wa Iowa, 22 walimpigia Ron Paul. Minnesota nako alikuwa na wajumbe wengi kuliko Romney.

Wapo wanaoiita hila. Kila hatua ilikuwa ndani ya kanuni zilizochapishwa, na mwenye mashaka angeweza kuzisoma. Lakini mashabiki nao hukosea wanaposema njia hiyo ingempa Ron Paul tiketi ya urais. Mkutano mkuu ndio hutunga kanuni zake, na wengi waliokuwemo Tampa walikuwa wa Romney. Maine ilikuwa imechagua wajumbe 20 wa Ron Paul kati ya 24. Kamati ya uhakiki ikawaondoa nusu. Kisha zikapitishwa kanuni mpya za uchaguzi uliofuata: wajumbe wafungwe na kura za jimbo, na ili jina lake lipendekezwe mkutanoni, mgombea awe na wajumbe walio zaidi ya nusu katika majimbo 8 badala ya kuongoza tu katika majimbo 5. Mwaka 2016 Rand Paul, mwana wa Ron Paul, alipata asilimia 4.5 Iowa, na sehemu yake ikawa mjumbe 1 kati ya 30. Mlango ulikuwa umeshafungwa.

Dhana: Nyuma yake kuna tajiri mmoja

Matajiri wapo, na mashirika yao yapo. Ila harambee kubwa zaidi za mrengo huu zilitoka mifukoni mwa watu wengi. Tarehe 5 Novemba 2007 Ron Paul alichangiwa zaidi ya dola milioni 4 mtandaoni kwa siku moja. Tarehe 16 Desemba, kumbukumbu ya siku chai ilipotupwa baharini Boston mwaka 1773, zikaja kama milioni 6. Harambee hizo zilibuniwa na mashabiki wenyewe, wakati kikomo cha sheria kilikuwa dola 2,300 kwa mtu kwa kila uchaguzi. Pesa zilifika wiki chache tu kabla ya Iowa, wakati ambapo huwezi tena kuajiri na kufundisha watu wa mashinani. Akapata asilimia 10 Iowa na 8 New Hampshire.

Sheria inataka kila matumizi yatajwe kwa jina lake. Katika kampeni ya 2012, seneta wa jimbo la Iowa, Kent Sorenson, alilipwa zaidi ya dola 70,000 baada ya kumhama Michele Bachmann, mgombea mwingine wa Republican, na kumuunga mkono Ron Paul. Malipo yalipitishwa kwenye kampuni ya filamu na kuandikwa kuwa gharama za picha na sauti. Wasimamizi watatu wa kampeni walitiwa hatiani mwaka 2016. Wawili kati yao, Jesse Benton na John Tate, walisamehewa na Rais Trump Desemba 2020. Kununua uungwaji mkono kwenyewe si lazima kuwe kosa. Kilichowatia hatiani ni kuandika uongo kwenye taarifa ya fedha.

Dhana: Akifika bungeni kazi yake ni kusema hapana

"Hapana" zipo nyingi, na nyingine zimezeeka vizuri: Oktoba 2002 Warepublican sita tu wa Bunge la Wawakilishi walipinga vita vya Iraq, Ron Paul akiwamo. Lakini muswada wake wa mwaka 2009 wa kuikagua Benki Kuu ulipata waungaji mkono zaidi ya 300, na sehemu yake ikaingia katika sheria ya fedha ya 2010 kama ukaguzi wa mara moja. Julai 2013 Justin Amash wa Michigan, akishirikiana na John Conyers wa Democratic, alitaka kuzuia ukusanyaji wa kumbukumbu za simu za raia. Walishindwa kwa kura 205 dhidi ya 217, na katika hizo 205, 94 zilikuwa za Republican. Idadi hiyo haipatikani kwa kukaa nje ya vyama.

Dhana: Asiye raia hana nafasi

Hili huulizwa na Waswahili walioko Marekani. Mwenye green card anaruhusiwa kuchangia kampeni kwa fedha zake mwenyewe. Asiye raia na asiye na green card hawezi kutoa hata dola moja, wala kumpitishia raia pesa azitoe kwa niaba yake, lakini anaweza kujitolea bila malipo: kugonga milango, kupiga simu, kupanga karatasi. Asikae kwenye meza ya kuamua matumizi ya kampeni. Kukusanya saini kuna masharti yanayotofautiana jimbo kwa jimbo, na mengine humtaka mkusanyaji awe na sifa za mpiga kura, kwa hiyo uliza ofisi ya uchaguzi kabla ya kushika karatasi. Na ukiwa kwenye ofisi ya leseni ya udereva ukiulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura, jibu ni hapana hadi uapishwe uraia, hata kama karani amekusogezea fomu kwa tabasamu.