Eti biashara haisomewi?

Kijana wa Wete, Pemba, akisema anakwenda kuchukua digrii ya biashara na ujasiriamali, hakosi wa kumwambia: "Biashara haisomewi. Wapemba wamejaa Kariakoo na maduka yao, nani kati yao alisoma chuo?"

Ni kweli wamejaa, na wengi walijifunza kwa kusimama dukani kwa ami au mjomba. Lakini hayo nayo ni masomo, tena ya miaka. Kilichopo ni kwamba duka linamfundisha mtu biashara ile ile moja, na chuo kinamfundisha hesabu inayokwenda na biashara yoyote.

Chukua mfano wa sabuni ya mwani. Mche unauzwa shilingi 2,000. Mafuta ya nazi, magadi, karatasi ya kufungia na nauli ya boti kutoka bandari ya Mkoani vinakula 1,400, inabaki 600. Wengi huiita 600 hiyo faida. Bado! Chumba na umeme ni 90,000 kwa mwezi, miche iuzike isiuzike. Gawa kwa 600: miche 150 ya mwanzo inalipia chumba tu, na mkono wako mwenyewe hujaulipa hata senti. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulifanya zoezi hili daftarini, kabla hajakopa pesa ya mtu.

Mtaji chuo hakikupi, wala wateja. Anayekwenda kwa kutaraji hivyo atavunjika moyo, na ni bora aambiwe mapema, kabla ya kulipa ada.